Refa Aliyeanza na Sheria ya Nne

Mji mzima unamwita mume wa dada yangu Kifungu, na yeye jina hilo analipenda. Hajashtuka mpaka leo kwamba ni kejeli. Anadhani watu wameitambua elimu yake. Ukimwuliza saa ngapi, atakohoa kwanza, atanyoosha kola, halafu ataanza, "Kwa mujibu wa kifungu..." na kama una haraka utaondoka hujui hata kama ni asubuhi au jioni. Dada yangu ameishi naye miaka kumi na tisa. Amejifunza kuitikia "ehe" huku anaendelea na shughuli zake.

Siku za kazi Kifungu ni msoma mita wa idara ya maji. Kusoma mita ni kazi ya kuinama. Mita iko shimoni karibu na geti, juu yake kifuniko cha chuma, ndani tope na mende na pengine chura. Inabidi upige goti, ufute kioo kwa kidole, ndipo usome. Shemeji yangu hapigi goti. Suruali yake imepigwa pasi ikasimama, na mstari ule wa pasi una thamani kuliko maji ya watu wote. Anasimama getini, anauliza, "Humu mko wangapi?" anatazama juu kidogo, kisha anaandika tarakimu kwa mwandiko mzuri ajabu. Jirani na kibanda changu cha ushonaji palikuwa na nyumba iliyobomolewa yote, pakabaki majani. Miezi kumi na moja Kifungu aliendelea kuisomea mita. Nilipomwambia, "Shemeji, ile nyumba haipo," alinijibu akiwa amevaa miwani yake ya mbao, "Nyumba haipo, mita ipo." Mita yenyewe iling'olewa pamoja na bomba siku ileile nyumba ilipobomolewa.

Nayasema haya mapema kwa sababu yaliyotokea uwanjani watu waliyaita bahati mbaya, na mimi bahati hiyo naijua ilikozaliwa.

Jumamosi alikuwa refa. Sare yake nilimshonea mimi, nyeusi, yenye mifuko miwili kifuani, maana hakutaka kadi ya njano ikae pamoja na nyekundu. Nilipomwuliza zikikaa pamoja zitafanya nini, alikasirika siku mbili. Filimbi zake tatu zilitundikwa sebuleni kwenye misumari, juu ya televisheni, moja ya ligi, moja ya bonanza, moja ya akiba, na mgeni akija hapewi hata maji kabla hajaelezwa ipi ni ipi. Kwenye korido ya nyumba yao kuna kioo kirefu. Dada amemkuta mara nyingi mbele ya kioo hicho, kifua mbele, anamtoa nje mtu asiyekuwapo.

Mimi aliniingiza yeye. Ligi ya wanawake ilipoanza, chama cha mpira cha wilaya kilitaka washika vibendera wanawake, na wilaya nzima hakukuwa na hata mmoja. Akaja kibandani akasimama mlangoni. "Shemeji, wewe una macho," akasema. "Unaona uzi uliokwenda kombo. Mtu aliyeotea atakushinda?" Nikaenda kozi wiki mbili, nikafaulu, nikapewa kibendera. Niseme ukweli, nilikipenda. Siku sita nainamia nguo za watu, nachomwa na pini, naambiwa mkono umebana, kiuno kimelegea. Ya saba nakimbia kwenye mstari wangu, nikinyanyua mkono watu ishirini na wawili wanasimama. Kibendera hicho kilitoka kwake, na hakuniacha nisahau.

Sheria za mpira ni kumi na saba. Ya kwanza ni ya uwanja, na humo ndimo imeandikwa kwamba goli, hasa lile la kuhamishwa, lishikizwe chini imara lisije likaanguka. Ya nne ni ya vifaa vya wachezaji, kwamba asiingie mtu na kitu cha kumdhuru yeye au mwenzake, iwe pete, hereni, mkufu au kibanio cha chuma. Kifungu, aliyezihifadhi zote mpaka na nukta zake, kila mechi alianza na ya nne. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwa nini. Goli huwezi kulitia aibu. Ukilikagua, unayeinama ni wewe, unashika bomba lenye kutu, mikono inachafuka, na hakuna anayekutazama. Lakini wachezaji unawapanga mstari. Nyoosha vidole, geuka, inua daluga, sogeza nywele nionee masikio. Hapo uwanja wote unajua nani ni nani. Wachezaji wakiwa wanawake, na waume zao wamesimama pembeni, ukaguzi ulichukua muda mrefu zaidi.

Na sheria ya kwanza je? Hiyo ilikuwa na fomu. Fomu ya ukaguzi wa uwanja ina mistari minane, na kila mstari una visanduku viwili, Sawa na Si sawa. Inatakiwa ijazwe uwanjani saa moja kabla ya mchezo, isainiwe na refa na washika vibendera wote wawili. Kifungu aliijaza Ijumaa baada ya chai, sebuleni kwake, juu ya kitambaa cha meza alichofuma dada. Hoja yake ni kwamba uwanjani kuna upepo na vumbi, mwandiko unaharibika. Akishajaza anatuzungushia tusaini. Mshika kibendera mwenzangu, kinyozi mpole ambaye hajawahi kubisha kitu maishani mwake, alisaini huku mashine inanguruma kichwani kwa mteja. Mimi nilisaini huku nimeuma pini. Magoli, Sawa. Nyavu, Sawa. Nilikuwa nausainia uwanja ambao saa ileile bado ulikuwa na mbuzi.

Sasa Jumamosi yenyewe. Timu ya hospitali ilicheza na timu ya kiwanda cha viatu, kwenye uwanja wa shule. Magoli ya pale ni ya mabomba ya chuma, mazito, ya kuhamishwa. Kwa nyuma yana bomba linalolala chini, na juu ya bomba hilo huwekwa viroba vya mchanga, sita kila goli, kuyazuia yasipinduke. Siku hiyo alitarajiwa mgeni rasmi, kwa hiyo likasimamishwa hema. Upepo ulikuwa mkali, hema likaanza kucheza. Waandaaji wakafikiri kwa namna wanayofikiri waandaaji, wakaenda kwenye goli la upande wa vyoo, wakachukua viroba vyote sita. Vinne wakavikandamizia miguu ya hema. Viwili vilivyobaki wakavikalia madereva wa mgeni rasmi.

Niliona havipo nilipokwenda kukagua nyavu. Nikalisukuma goli kwa kiganja, likanyanyuka nyuma, likarudi. Nikakimbia kumtafuta Kifungu. Alikuwa katikati ya sheria ya nne.

Mbele yake alisimama kipa wa hospitali. Wenzake wanamwita Mama Pacha, ni dobi wa hospitali, na mikono yake ina nguvu ya kukamua mashuka miaka kumi. Kidoleni alikuwa na pete ya ndoa isiyotoka. Pete ni kosa, sikatai, sheria ni sheria. Lakini refa mwenye akili angemwita pembeni. Kifungu aliagiza sabuni. Ikaletwa ndoo, ikaletwa sabuni, na robo saa nzima mwanamke yule akavutwa kidole mbele ya watu, waume kwa wake wanacheka, wengine wanatoa ushauri. Yeye hakucheka. Pete ilipotoka Kifungu aliishika kwa vidole viwili akaionyesha uwanja mzima. "Usalama kwanza," akasema. Watu wakampigia makofi, na kichwa kikamvimba.

"Shemeji," nikamwambia pembeni, "goli la upande wa vyoo halina mchanga."

"Halina nini?"

"Mchanga. Viroba vimepelekwa hemani."

Akageuka akatazama hema. Mgeni rasmi alikuwa ameketi chini yake, na kwa bahati mbaya naye akatazama upande wetu. Kifungu akavuta tumbo ndani, akamwinamishia kichwa. Aliponirudia, uso ulikuwa umebadilika.

"Fomu imeshajazwa," akasema.

"Najua imejazwa. Goli linacheza."

"Fomu inasema sawa. Na wewe umesaini. Sasa unataka nikamwambie mgeni rasmi hema lake liruke ili wewe ubadilishe sahihi? Nenda kwenye mstari wako, shemeji. Tumeshachelewa."

Nimefikiria mara nyingi jibu nililopaswa kumpa. Ningeweza kumwambia siendi. Refa hawezi kuanza bila mshika kibendera, na angeaibika, na viroba vingerudi. Badala yake nilikwenda kwenye mstari wangu, namtukana moyoni kila hatua, na matusi ya moyoni hayajawahi kumsaidia mtu.

Dakika ya thelathini na moja, hospitali wakiwa wanalinda goli lile, msichana wa kiwandani akapiga shuti. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukamparaza beki, ukatoka nje. Kona. Mimi nilikuwa palepale karibu na bendera ya kona, na niliona vizuri kuliko mtu yeyote. Goli lilipogongwa lilipiga hatua mbele kidogo, bomba la nyuma likanyanyuka shubiri nzima, likakaa hewani, likarudi chini kwa mlio. Nikanyanyua kibendera. Nikakinyanyua juu kabisa, mkono umenyooka, kama tulivyofundishwa.

Kifungu alikiona. Hakuja hata nusu ya njia. Alisimama kwenye mstari wa boksi, akaninyooshea kiganja akakishusha chini mara mbili, namna anavyomwambia dada apunguze sauti ya redio.

"Goli linanyanyuka," nikasema kwa nguvu.

"Kibendera ni cha mpira kutoka na mtu kuotea," akajibu, na alisema kwa sauti ili hema lisikie. "Milingoti ni mamlaka ya refa. Shusha."

Nikashusha.

Kona ikapigwa. Mama Pacha akaruka juu ya wenzake wote, akaufikia mpira kwa ngumi, na wakati anashuka mkono wake ukanasa kwenye wavu, chini kidogo ya mtambaa panya. Alipotua, uzito wake ukalivuta goli. Lilikuja taratibu. Watu waliokuwapo watakwambia lilianguka ghafla, lakini mimi nililiona likija, na nilikuwa na muda wa kufungua mdomo. Sikusema kitu. Mabeki waliruka pembeni. Yeye mkono ulikuwa bado wavuni, na bomba likampiga chini ya kiwiko.

Tulilinyanyua watu sita. Madereva waliinuka kwenye viroba, wakaja kutazama. Mkono wa Mama Pacha ulikuwa umevunjika pawili na haukutazamika, na yeye alikuwa anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mpira ulitoka. Wauguzi wa timu yake walikuwa wamepiga magoti kando yake. Na Kifungu je? Kifungu alisimama hatua nne kutoka hapo, akatoa kidaftari kwenye mfuko wa kadi ya njano, akaandika. Nilimsogelea nikasoma juu ya bega lake. Mwandiko ulikuwa mzuri vilevile. Aliandika: Kipa alining'inia kwenye mtambaa panya.

Sijawahi kumdharau mtu kiasi kile. Nilimdharau pamoja na mstari wake wa pasi, na nyuzi zangu mwenyewe zilizoshika mfuko ule.

Neno hilo, alining'inia, likawa kubwa kuliko mkono wenyewe. Kipa anayening'inia kwenye goli ana kosa la utovu wa nidhamu. Ripoti ilipofika kwenye chama, ikafika na hospitalini, na mkuu wa chumba cha kufulia akasema wazi kwamba aliyeumizwa uwanjani atasubiriwa apone, lakini aliyejivunja mwenyewe kwa mchezo wa kitoto, nafasi yake itapewa mwingine. Kamati ikaita kikao Jumatano. Fomu ingesomwa, ripoti ingesomwa, na kama fomu ilikuwa kweli kwamba magoli yalikuwa sawa, basi aliyelipindua goli alikuwa ni yeye tu.

Jumanne dada yangu alikuja kibandani. Alishika kipande cha kitambaa akakikagua upande wa kushoto na wa kulia, naye hajui hata kutunga uzi.

"Kesho utasema nini?"

"Yaliyotokea."

"Yaliyotokea ni mengi, mdogo wangu. Chagua."

"Dada, goli lilikuwa halina mchanga."

"Najua. Hata yeye anajua. Hajalala vizuri." Akakiweka kitambaa chini. "Lakini akifungiwa atashinda nyumbani Jumamosi zote. Wewe umewahi kukaa naye Jumamosi nzima? Na ile sahihi si yake peke yake. Utajifungia na wewe."

Tulicheka wote wawili kuhusu hiyo Jumamosi, halafu akaondoka bila kuaga. Hasira yake niliielewa. Mume ni wake, na anayecheka naye juu ya mume huyo ni mimi.

Kikao kilifanyika darasani, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa meza. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ndogo. Mama Pacha aliketi mbele, mkono umefungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko. Kifungu alikuja amevaa tai. Alisimama akaeleza dakika ishirini, na humo alitaja sheria ya tano mara tisa, kwamba refa ndiye mwenye uamuzi wa mwisho juu ya kila jambo la mchezo. Akasema yeye alikagua mpaka pete. Akasema magoli ni mali ya mwenyeji, hema ni la waandaaji, upepo hauko kwenye mamlaka yake. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mtu ambaye milingoti ilikuwa mamlaka yake Jumamosi, Jumatano hakuwa na mamlaka juu ya msumari mmoja.

Kinyozi aliulizwa kama uwanja ulikaguliwa. Akasema, "Naamini ulikaguliwa." Akakaa.

Mwenyekiti akanipa fomu. "Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulikagua magoli kabla ya kusaini?"

"Hapana. Nilisaini Ijumaa, kibandani kwangu. Yeye aliijaza Ijumaa, kwenye meza ya chai. Tumefanya hivyo msimu mzima."

Nikaeleza yote: viroba, hema, madereva, fomu imeshajazwa, kona. Nikasema hakuning'inia mtu, mkono ulinasa wavuni wakati anashuka, nilikuwa kwenye bendera ya kona, naona. Nikasema nilinyanyua kibendera na niliamriwa kukishusha. Kifungu alinitazama muda wote ule akiwa mdomo wazi, na nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi sana.

Uamuzi haukuchelewa. Neno alining'inia hata mwenyekiti lilimshinda kulitamka, akasema tu kwamba maelezo ya refa juu ya kipa yamefutwa, na barua itapelekwa hospitalini kwamba aliumizwa na goli lisiloshikizwa. Kifungu alifungiwa msimu mmoja, kinyozi nusu msimu. Mimi nusu msimu vilevile, kwa sahihi, lakini mwenyekiti aliongeza kwamba kamati inatambua nilikuwa mtu pekee aliyenyanyua kibendera. Kifungu alitoka bila kunisalimu. Nimeambiwa ameomba kufundisha semina ya waamuzi wapya akimaliza adhabu, na watampa, kwa sababu hakuna mwingine anayezijua sheria zote kwa kichwa.

Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye baraza ya darasa, anamsubiri mumewe. Nilikwenda nikaketi karibu naye. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukataa shukrani.

"Nimesikia ulivyosema," akaanza. "Ahsante kwa lile la kazini."

"Si kitu. Yule mtu ni mpumbavu."

"Yule namjua. Yule hata angesema goli ni zima nisingemwamini." Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha blauzi shingoni kwa mkono mmoja, kikimponyoka. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Uliponyanyua kibendera nilijua goli lina kitu, nikatoka nikaenda kusimama mbali, kule kwenye alama ya penalti. Nikasema siingii tena humo."

Akaniacha nimfungie kile kifungo.

"Halafu ukakishusha," akasema, "nikajua pametulia. Nikarudi."